Ngazi Mbili za Juu

Jumatatu, 8 Juni

Dada, shikamoo.

Mto wetu umepanda sentimita arobaini ndani ya mwaka mmoja. Aliyesema hivyo ni Waziri wa Maji, leo saa nne asubuhi, mbele ya waandishi ishirini na mmoja. Juni mwaka jana kipimo kilikuwa sentimita hamsini. Wiki hii ni tisini. "Tulisema panda mti, mto upande," alisema. "Watu walicheka. Sasa namba zimepanda, na namba hazina chama."

Namba hizo ni za Baba. Nilikwenda Idara ya Maji kuzikagua kabla ya kuandika: kila asubuhi na kila jioni, hakuna siku iliyorukwa. Kesho habari iko ukurasa wa kwanza. Gazeti litakuja pamoja na barua hii.

Mambo mawili. Kwanza, kwa kutegemea namba hizi, kampuni ya mashamba ya huko juu imepewa kibali cha muda cha kuvuta maji kuanzia tarehe 15. Bodi ya mto itakaa Ijumaa, 24 Julai, kuamua kama kibali hicho kiwe cha miaka ishirini. Pili, mhariri anataka picha ya Baba akiwa kazini, mtu aliyesoma mto miaka thelathini na moja. Mpiga picha atakuja tarehe 20.

Ulinikataza kupiga simu nyumbani, wala hukusema kwa nini. Basi naandika barua kama mtu wa zamani. Karani wa mabasi alidhani nina mchumba.

Mdogo wako,
Nukta


Jumamosi, 13 Juni

Nukta, mdogo wangu, marahaba.

Nimemsomea Baba habari yako mara mbili, maana miwani yake bado iko kwa fundi. Aliposikia "sentimita arobaini" akatabasamu, akasema, "Safari hii ameweka nukta mahali pake." Hajasahau. Ulikuwa na miaka minane, akakutuma ukamtajie karani wa Idara kipimo, nawe ukapita barabarani ukipiga kelele mita mia moja na themanini badala ya moja nukta nane sifuri. Jirani alipandisha magodoro darini.

Ana furaha, kweli. Tangu mwaka jana anarudi kutoka mtoni akiimba.

Mpiga picha asije. Baba ana mafua, na hajawahi kupenda kupigwa picha.

Mimi nina aproni sitini za kijani za kushona kwa ajili ya kampeni, kifuani zina hilo neno lao la kupanda na kupanda. Cherehani haijapumzika wiki nzima. Mama Sabuni, yule jirani anayefulia watu nguo, amehamishia mawe yake palepale alipoyaweka mwaka jana mwezi kama huu, kuyafuata maji. Nilimwambia, "Hukusikia redio? Mto umepanda." Akaniangalia. "Umepanda wapi, kitandani?"

Msalimie mkeo.

Dada yako


Jumatano, 17 Juni

Dada, shikamoo.

Maswali matatu.

Mwezi wa pili uliniambia miwani iko kwa fundi. Ni fundi gani huyo?

Kama mto umepanda sentimita arobaini, mahali pa Mama Sabuni pa mwaka jana pangekuwa chini ya maji. Yeye anafulia wapi?

Nani anaandika ujumbe wa kipimo unaotumwa Idara? Nimeuangalia tena. Zamani Baba aliandika "asb." Miaka mitatu hii imeandikwa "asubuhi" kamili, herufi zote, kama unavyoandika wewe.

Mpiga picha yuko kwenye ratiba. Siwezi kumzuia bila sababu, na sababu hukunipa.

Nukta


Jumapili, 21 Juni

Nukta,

Amekuja, amepiga, ameondoka. Nakuambia kabla picha haijakufikia.

Baba alivaa koti. Alishuka ngazi za mtoni bila mkongojo, hata mpiga picha akasema mzee ana miguu. Kule chini akamwambia, "Mzee wangu, hebu iangalie nguzo ya kipimo." Baba akageuza uso, akakaza macho kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alikuwa anauangalia mti wa hema uliobaki ukingoni tangu ile sherehe ya kupanda miti. Nguzo ilikuwa nyuma yake. Mpiga picha akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Baba haoni. Jicho la kulia lilizimika miaka mitatu iliyopita, la kushoto likafuata. Anatambua mwanga na giza, basi. Ndiyo maana nilikukataza simu. Nyumba ina vyumba viwili na masikio yake yamekuwa makali kuliko zamani. Nikisema neno jikoni, analijibu kutoka uani. Barua ndiyo njia pekee ya kusema nawe mbele yake. Sasa hivi amekaa karibu yangu, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia vipimo vya aproni.

Usidhani anabuni. Ngazi ni ishirini na tano, kila moja sentimita ishirini, na ya juu kabisa iko usawa wa alama ya mita tano kwenye nguzo. Alizipima mwenyewe zilipojengwa. Anashuka akihesabu ngazi kavu mpaka kidole cha mguu kiguse maji, anapima kina kwa vidole vya mkono, hesabu anaipiga kichwani. Ananitajia, naandika, natuma. Mwanzoni sikumwamini. Mwezi mzima nilimfuata na futi yangu ya kushonea, nikilinganisha na nguzo. Hakukosea zaidi ya sentimita mbili. Nikaacha kumfuata.

Akiivua kazi hii hana nguo nyingine ya kuvaa. Mkaguzi wa Idara hajafika huku miaka sita. Nani alidhurika?

Dada yako


Ijumaa, 26 Juni

Dada,

Umeuliza nani alidhurika. Bado sijui. Ninachojua ni kwamba nimechapisha ukurasa wa kwanza kitu nilichodhani kimesomwa kwa macho, kumbe kimehesabiwa kwa vidole vya mguu, na dada yangu alijua.

Hasira naiweka kando. Picha haijatoka. Nimemwambia mhariri mwanga ulikuwa mbaya. Mpiga picha amenyamaza, kwa sasa.

Ulipima kwa futi mwanzoni, yaani miaka mitatu nyuma. Nimetoa kwenye maktaba ya gazeti picha zote za sherehe ya kupanda miti, Agosti mwaka jana. Moja imepigwa siku iliyotangulia. Mafundi wanasawazisha ukingo wa mto ili hema na viti vya wageni vikae vizuri. Pembeni kuna rundo la zege lililovunjwa. Vipande ni bapa, vina kona kali.

Wiki ileile namba za Baba ziliruka sentimita arobaini. Kiangazi, bila tone la mvua. Jedwali nilikuwa nalo mkononi tarehe 8 na sikuuliza.

Usiniandikie unachoamini. Nenda ukahesabu ngazi.

Nukta


Ijumaa, 3 Julai

Nukta,

Ishirini na tatu.

Nimehesabu mara tatu, kushuka na kupanda. Waling'oa mbili za juu, wakashindilia kifusi, wakamwaga changarawe. Mwenye macho hawezi kugundua, kwa kuwa mwenye macho hahesabu. Baba anaanzia ukingo wowote mguu wake unaoukuta, anauita wa kwanza. Tangu Agosti, kila siku, anayafikia maji ngazi mbili mapema.

Leo nguzo inasoma ishirini na mbili. Baba amenitajia sitini na mbili. Nimetuma sitini na mbili. Ndiyo, nimetuma. Alikuwa amesimama mlangoni akisubiri nimwambie imekwenda.

Pampu za huko juu tunazisikia upepo ukigeuka. Maji yanashuka kila siku. Bomba sasa linatoa maji mara moja kwa wiki. Baba anasema ni kiangazi tu. "Bila ile miti," anasema, "saa hizi tungekuwa tunachimba mchanga."

Kuna jambo jingine sijawahi kukuambia. Ule mche alioupanda Baba siku ya sherehe, wa kwanza kushoto, wenye kibao cha cheo chake, uliliwa na mbuzi kabla haujatimiza miezi miwili. Kila jioni Baba anaupelekea kopo la maji. Anamwagilia kibao.

Sitamwambia, Nukta. Tafuta njia nyingine.

Dada yako


Jumanne, 7 Julai

Dada, shikamoo.

Nimetafuta njia nyingine.

Mhariri nimempelekea hesabu yako bila jina. Amesema, "Hii ni futi ya fundi cherehani dhidi ya Wizara, wiki tano kabla ya uchaguzi. Niletee mtu." Katibu wa bodi nimempigia. Amesema kumbukumbu zinabaki kama zilivyo mpaka aliyezitia saini azikanushe kwa mdomo wake, mbele ya bodi. Aliyezitia saini ni mmoja.

Nimemuuliza pia mhandisi wa maji asiyehusika na upande wowote. Kwa namba za kweli, kibali cha miaka ishirini kikipita, chanzo cha maji cha mji wenu kitakuwa kikavu miezi mitano kila mwaka. Ulitaka kujua nani atadhurika.

Zimebaki siku kumi na saba. Mwambie, au nije nimwambie mimi.

Nukta


Jumanne, 14 Julai

Nukta,

Usije. Amejua, na hakuambiwa na mtu.

Jana asubuhi alichelewa kurudi. Aliyemwona ni Mama Sabuni. Anasema alifika ngazi ya mwisho, akanyoosha mguu, akakuta mchanga. Akapanda mpaka juu, akashuka upya akihesabu kwa sauti. Akakuta mchanga tena. Mama Sabuni akamwita, "Bwana Kipimo, umepoteza nini huko?" Akajibu, "Ngazi mbili." Kisha akaendelea mbele, mikono ameinyoosha, anayatafuta maji. Alikwenda hatua kumi na nne kabla hayajamgusa.

Aliingia ndani na mchanga miguuni, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Hajawahi kukikalia.

"Ngazi ni ishirini na tano," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Zimebaki ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Ni tangu sherehe."

Nikabandika maji ya chai.

"Umejua lini?"

"Siku kumi zilizopita."

"Na Nukta?"

"Anajua."

Akasema, "Aa." Basi. Nikamwekea chai, ikapoa. Baadaye akauliza, "Na mche wangu?"

"Uliliwa na mbuzi, Baba. Siku nyingi."

"Mbuzi wa nani?"

Nikamwambia wa nani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anamshuku mbuzi huyohuyo. Halafu akasema, "Andika sifuri nukta sifuri sifuri. Tuma." Nikatuma. Idara wakajibu, mara ya kwanza tangu nianze kuandika. Waliuliza kama nimekosea kubonyeza.

Amesema atakwenda mbele ya bodi. Nampandisha basi la Alhamisi, tarehe 23. Nina sare za shule za kumaliza, na hata ningekuwa sina, amekataa nimsindikize. Mpokee kituoni. Atavaa koti. Usimshike mkono mpaka aombe mwenyewe.

Dada yako


Jumapili, 26 Julai

Dada, shikamoo.

Bodi haikutoa kibali cha miaka ishirini. Imeahirisha uamuzi mpaka mto upimwe upya kwa siku thelathini na msomaji mpya. Wakati huo pampu zitaendelea kufanya kazi kwa kibali cha muda. Baba ameondolewa kazini kuanzia Ijumaa hiyohiyo.

Alizungumza dakika sita. Alitaja miaka yake ya kazi, lini macho yalizimika, ngazi zilikuwa ngapi na sasa ziko ngapi. Hakumlaumu mtu. Mwenyekiti akainua mkono, akasema, "Mzee, hivi ni vidole vingapi?" Ukumbi ukacheka. Baba akawasubiri wamalize. "Sijui, mheshimiwa," akasema. "Lakini nimepanda ngazi zenu kumi na moja kufika hapa, na ya saba imevunjika kona ya kulia." Karani akatoka kwenda kuangalia. Aliporudi aliiandika kona hiyo kwenye kumbukumbu, na hakuna aliyecheka tena.

Mchana msemaji wa Wizara alitoa taarifa. Wizara inasikitishwa na udanganyifu wa mtumishi mmoja mwenye ulemavu wa macho. Ngazi zilizong'olewa kwa ajili ya wageni wake hazimo.

Kwenye habari yangu zilikuwamo, aya ya pili. Mhariri alizishusha hadi aya ya kumi na moja, kisha ukurasa ukajaa kwenye aya ya kumi. Kichwa cha habari kakiandika yeye: "Kipofu Adanganya Taifa." Picha ni ile ya mti wa hema, mpiga picha alishindwa kuendelea kunyamaza. Jina langu liko chini yake. Sikuwa nimemwambia mtu ofisini kuwa ni baba yangu, na Baba, nilipomshusha mlangoni pa bodi, aliniambia nisiseme.

Gazeti lilitoka Jumamosi asubuhi, basi lake likiwa njiani.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimeacha kazi. Sikuacha. Nimedai sahihisho. Nimeahidiwa Jumatano, ukurasa wa kumi na nne.

Kituoni aliomba mkono. Nilimshika mpaka kwenye kiti.

Kama hajasikia habari ya gazeti, usimsomee.

Nukta


Ijumaa, 31 Julai

Nukta, mwanangu,

Mimi nasema, dada yako anaandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Gazeti nilisomewa kabla sijafika nyumbani. Abiria wa kiti cha mbele alilinunua pale basi liliposimama, akalisoma kwa sauti, basi zima likasikiliza. Mama niliyekaa naye akasema, "Watu wengine hawana haya." Nikamwambia ni kweli. Akanigawia karanga. Sikumwambia ni mimi.

Usiniombe radhi tena. Wewe uliandika ulichopewa, na aliyekitoa ni mimi. Kosa si macho. Namba iliporuka arobaini kwa wiki moja, kiangazi, nilitakiwa nirudi juu nihesabu upya. Kwa namba mbaya nimefanya hivyo miaka yote. Hiyo sikuihesabu upya kwa sababu niliipenda. Niliwaambia watu mtoni kwamba ni miti.

Dada yako amenitunzia siri miaka mitatu, usimgombeze. Naye asidhani nilikuwa sijui kuhusu barua. Huwezi kupima aproni bila futi kugusa meza, na mimi nilikuwa nasikia kalamu tu. Nilimwacha. Nilidhani anakuandikia kuhusu macho, nikaona ni vizuri mmoja wenu amwambie mwingine, nisiseme mimi.

Sahihisho la Jumatano tumelisoma. Mistari minne. Umeziandika ngazi mbili, na umeandika nani alizing'oa. Dada yako amelikata kwa mkasi wa kitambaa, limo ndani ya daftari langu.

Leo asubuhi maji yako hatua kumi na tisa kutoka ngazi ya mwisho. Fomu ya Idara haina nafasi ya kuandika hatua, kwa hiyo dada yako ameandika pembeni. Mama Sabuni ameacha mto, anafulia kwa ndoo za kununua.

Idara wameandika kwamba msomaji mpya atafika Jumatatu, tarehe 3 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, na nimkabidhi daftari. Wanasema ana macho mazuri. Nitamsubiri ukingoni, pale zilipokuwa ngazi mbili za juu, nianze kumhesabia kuanzia hapo.

Baba yako